Mwezi Spika Zilipolala

Teshie inaponyamaza, hunyamaza kweli. Makuhani wakishapanda mahindi ya mila na chifu akishatangaza, ngoma huangikwa ukutani, makanisa huimba kwa makofi mepesi kama watu wanaofukuza mbu, na wenye baa hushusha redio mpaka mlevi asikie meno yake yakigongana. Mahindi yanayoota hayapendi kelele. Hilo hata mtoto anayenyonya amelisikia. Wakodishaji wa spika, ambao mjini pale ni wengi kuliko mafundi viatu, hufunika mashine zao kwa mikeka na kungoja. Mmoja hupaka nyumba rangi, mwingine huoa, mwingine hukaa barazani akiilaumu serikali kwa sauti ya chini. Mwezi mzima hupita hivyo, na hakuna anayewaita wavivu.

Lamiley alikuwa hafuniki.

Spika zake nne, kubwa kama makabati, alizirithi kwa baba yake pamoja na wateja na jina. Toka Teshie hadi Tema watu walimwita Lamiley wa Spika. Alikuwa mwembamba, mwenye mikono mirefu na kauli za haraka. Siri ya kazi yake ilikuwa moja, na wala haikuwa siri: kila mji wa Waga, wenyeji wa pwani ile, una siku zake za kimya, na siku hizo hazilingani. Mji mmoja ukifungwa, wa jirani bado uko wazi. Wa jirani nao ukifungwa, wa tatu umeshafunguliwa. Lamiley aliifuata ruhusa ya kelele kama mchungaji anavyoyafuata majani. Amri zote za machifu wote alizibeba kichwani, na wenzake wa kazi walimpigia simu kumuuliza Jumamosi hii wapi ni salama, kama mtu anavyomuuliza mpita njia saa. Alijibu bila kufikiri. Hakuwahi kukosea.

Kwa hiyo hakuwa na mwezi wa mikeka. Ijumaa alikuwa kwenye mkesha, Jumamosi msibani, Jumapili kwenye ibada ya shukrani, Jumatatu akiunga nyaya zilizokatika, na katikati ya wiki palikuwa daima na mhubiri fulani aliyetaka sauti yake ifike baharini. Mambo yalianza hivyo tangu baba yake alipofariki na mwanawe Kwei akazaliwa, matukio mawili yaliyofuatana kiasi kwamba alibadilisha kitambaa cheusi cha matanga kwa cheupe cha uzazi kabla cheusi hakijachuja.

Kwei sasa alikuwa akielekea miaka mitatu, na mikononi mwa Okailey ndiko alikokulia. Okailey alikuwa dada mkubwa wa Lamiley; waliishi ua mmoja, na kazi yake ilikuwa kupika kenke, yale madonge ya unga wa mahindi uliochachushwa, yaliyofungwa katika maganda. Mtoto alilala mgongoni kwake, akala kwa kijiko chake, akajifunza kusema akiwa kando ya sufuria yake. Kwei alimwita Okailey Mami. Mama yake mzazi akamwita Lamiley tu.

Hakufanya hivyo kwa ukaidi. Mtoto hulishika jina analolisikia, na jina la Lamiley lilitajwa pale uani kutwa nzima: Lamiley simu yako, Lamiley gari limefika, Lamiley mteja yuko mlangoni. Mwanzoni nyumba nzima ilicheka, na Lamiley naye akacheka. Kisha siku moja, alipokuwa amekaa kwenye ngazi akisubiri pikapu, Kwei alimjia na kidole kimeumwa na siafu. Machozi yalikuwa yamemjaa, ila hakulia. Alisimama mbele yake akiwa amekiinua kidole kile.

"Lamiley," akasema, "Mami yuko wapi? Nimeumia."

Mikono ya Lamiley haikuwa na kitu. Haikushika simu wala waya. Hata hivyo aligeuza kichwa akamwita Okailey, na Okailey akaja akipangusa unga mikononi. Hilo Lamiley hakumwambia mtu. Alijisemea tu kwamba shughuli zikipungua kidogo, ataliweka sawa.

Shughuli hazikupungua. Kope la jicho lake la kushoto lilianza kuchezacheza, na wajuzi wa uani wakasema ni dalili ya mgeni. Mgeni hakuja, na kope halikutulia. Alitia chumvi mara mbili katika mchuzi wa mawese. Alilala akiwa amesimama, bega limeegemea spika inayonguruma, na watu msibani wakadhani ana uchungu na marehemu. Usiku, alipopata usiku, masikioni mwake palikuwa na mvumo mwembamba usiozimika.

Mumewe, Borketey, alikuwa mchomeleaji bandarini Tema. Alikuwa mtu mpole, mwenye kovu la cheche kidevuni, na alirudi nyumbani jioni kwa jioni kama jua linavyotua.

"Mama Kwei," alimwambia, "hata kreni za bandari huzimwa zikapoa."

"Kreni haina mteja wa kuikimbia," Lamiley akajibu. "Nikikaa mwezi mmoja, Ataa Ashitey atanilia wateja wote."

"Ataa Ashitey amelala chini ya mkeka pamoja na mashine zake. Nimempita sasa hivi, anakoroma."

Lamiley alicheka, na akatoka. Mchumia juani hulia kivulini, ndivyo alivyojipa moyo; ila kivuli chenyewe alikuwa hajakipangia siku.

Simu ya Abloshie ilimkuta katika hali hiyo. Abloshie ni mji mdogo wa Waga, mbele ya Nungua. Aliyepiga alikuwa kijana aliyekulia Kumasi, ambaye bibi yake mzaa mama alikuwa akizikwa kule Jumamosi. Alitaka spika zote nne. Aliuliza, kwa adabu ya mtu asiyejua mila za upande ule, kama hapangekuwa na tatizo lolote na wenyeji. Hata hakumaliza swali.

"Abloshie iko wazi," Lamiley alisema. "Watafunga wiki ijayo. Mzikeni bibi yenu kwa raha."

Ijumaa mchana alifika na wapakiaji wawili wa kukodi, watu wa ng'ambo ya mto Volta, nao mambo ya Abloshie hawakuyajua. Walizipanga spika chini ya turubai mbele ya nyumba ya msiba. Wazee wa nyumba walikuwa wameingia ndani kula. Watoto wao wa Kumasi walikuwa wakibishana juu ya viti. Lamiley aliziunga nyaya na kuiwasha mikisa, ile mashine yenye vifundo vingi anayochanganyia sauti, akapuliza maikrofoni, akahesabu moja mbili, moja mbili. Kisha akauachia wimbo, wenye gitaa tamu la zamani, wa kuwaita waombolezaji.

Mtaa ukasimama. Muuza samaki aliyekuwa akikaanga aliganda, kijiko juu, mafuta yakidondoka mguuni asihisi. Wanaume waliokuwa wakicheza dama waligeuka wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja alimziba mtoto wake masikio. Lamiley aliwatazama akashangaa mbona hakuna hata anayetingisha bega. Akadhani sauti haiwafiki, akaongeza.

Mzee mmoja wa nyumba alitoka ndani na tonge mkononi, mdomo wazi. Wakati huohuo walikuwa wanakuja vijana wa chifu, vitambaa vyekundu vimefungwa mkononi, wakitembea bila haraka, kwa kuwa mtu mwenye spika nne hakimbii nazo. Walizima umeme. Kimya kilichofuata kilikuwa kizito kuliko wimbo, na hapo ndipo Lamiley alipoijua Abloshie jinsi ilivyokuwa: hakuna redio, hakuna kinu kinachotwanga kwa nguvu, kengele ya shule imefungwa kitambaa. Tangu aingie mjini pale masikio yake hayakuligundua hilo. Mvumo wake mwenyewe ulikuwa umeyajaza.

"Wewe ni wa wapi?" kiongozi wao alimuuliza.

"Teshie."

Yule kijana aliwatazama wenzake, kisha akamtazama tena. "Mzungu angefanya hivi tungemwelimisha," alisema. "Wewe nikufanye nini?"

Walizibeba spika zote, mikisa, amplifaya, hata waya wa akiba. Waliacha maikrofoni moja tu, kwa sababu ilikuwa mkononi mwake na hakuna aliyetaka kumnyang'anya mwanamke kitu mkononi.

Kesho yake aliitwa mbele ya chifu, na Borketey akafuatana naye. Njiani mumewe alimshauri, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, kwamba angeweza kumtwisha jambo hili yule kijana wa Kumasi. Mgeni husamehewa. Angesema tu mteja alimhakikishia. Lamiley alikuwa amelala usiku ule kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, usingizi wa mtu aliyepigwa, na bado kichwa kilikuwa chepesi kama kibuyu kikavu.

Barazani chifu, ambaye watu humwita Nii, alikaa kimya, kama ilivyo desturi, na msemaji wake ndiye aliyeuliza. Alikuwa mzee mfupi mwenye fimbo iliyonakshiwa na mzaha usiomwisha.

"Nii anauliza, mwanamke huyu alidhani mahindi yetu ni viziwi?"

Watu walicheka. Lamiley alisema alikosea siku.

"Siku ipi? Tangazo lilipita mtaa kwa mtaa. Lilipita hata huko kwenu."

Yule kijana wa Kumasi alikuwa amekaa upande wa pili, mabega yamemshuka, akingoja kutajwa. Lamiley alimwona. Njia ilikuwa wazi, na ilikuwa fupi.

"Nilidhani ni mwaka jana," alisema. "Siku nilizomtajia mteja zilikuwa za mwaka jana. Yeye hana kosa, aliniuliza, mimi ndiye niliyemjibu."

Kicheko kilichozuka kilikuwa kikubwa, kikazuiwa haraka kwa viganja, maana hata kicheko kilikuwa na mpaka wake mwezi ule. Chifu mwenyewe aliinamisha uso. Msemaji alisubiri, kisha akainama kumsikiliza bwana wake, akarudi na sauti nyingine kidogo.

"Watu hukosea siku. Nii anauliza, anayekosea mwaka hulala saa ngapi?"

Lamiley alianza kuhesabu saa kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha pili. Borketey, aliyekuwa amesimama nyuma yake, alitazama miguu yake mwenyewe.

Hukumu ilikuwa ya kawaida: kondoo mmoja na chupa mbili za pombe kali ya kuomba radhi, na mashine zikae ghalani kwa chifu mpaka siku ya kufungua ngoma. Kuhusu bibi wa watu, alizikwa mchana ule kwa nyimbo za midomo mitupu. Waliohudhuria walisema ulikuwa msiba mzuri, na kwamba kila mtu alisikia alicholilia.

Ndivyo Lamiley alivyorudi Teshie bila kitu cha kuwasha. Siku za kwanza alilala. Alilala asubuhi, akalala mchana, mpaka Okailey akaja kumwekea kiganja puani kuona kama anapumua. Alipoamka, mikono ilimsumbua. Alizunguka uani akipanga vitu visivyohitaji kupangwa. Alimshauri Okailey jinsi ya kuweka sufuria ili moshi usiende kwa wateja, akamshauri namna ya kufunga kenke, akamhamishia kigoda mara mbili.

"Mdogo wangu," Okailey alisema mwishowe, "mimi nimepika kenke tangu hujaota meno. Zile spika ndizo za kupangwa. Hapa kaa."

Akakaa. Kwei alimtazama kutoka upande wa pili wa ua kama watoto wanavyomtazama mgeni aliyepitisha siku zake. Mtoto wa umri ule hajui kunong'ona. Akinong'ona husikika nyumba ya tatu. Jioni moja alimvuta Okailey khanga akamnong'oneza: Lamiley anaondoka lini?

Okailey alijifanya hakusikia. Lamiley naye alijifanya hakusikia. Borketey, aliyekuwa akinawa mikono, aliinawa tena.

Lamiley alijaribu kwa haraka, kwa kuwa haraka ndiyo aliyoijua. Alimnunulia mtoto biskuti, na mtoto akazipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, akazipeleka kwa Okailey amfungulie. Alimnunulia mpira, na mtoto akacheza nao mpaka giza bila kumtazama aliyeuleta. Alimbeba, na Kwei akakaa mikononi mwake amenyooka kama mtoto anayepigwa picha. Baada ya hapo Lamiley aliishiwa na mbinu. Aliacha kujaribu, akakaa tu, kwenye ngazi ileile, kwa sababu hakuwa na pengine pa kwenda.

Kukaa kukaanza kumwonyesha mambo. Kwei alipenda vichwa vya samaki kuliko minofu. Aliogopa kuku mmoja tu, yule mwekundu, wengine aliwafukuza. Alikuwa na hadithi ndefu ya mjusi aliyekwenda sokoni, aliyoisimulia ukuta, na kila siku mjusi alirudi na kitu tofauti. Lamiley alizisikia hadithi hizo zote, neno kwa neno, kutoka mbali. Kope la jicho lilitulia bila yeye kujua lilitulia siku gani. Mvumo masikioni ulipungua, ukawa kitu cha alfajiri tu. Siku moja mjusi alipokuwa sokoni Kwei alisita, akasahau alichonunua, akageuka kutafuta msaada, na aliyekuwepo alikuwa Lamiley.

"Vitunguu," Lamiley alisema. "Jana alinunua vitunguu."

Mtoto alimtafakari. "Jana ndiyo," alikubali. Kisha akaendelea kuusimulia ukuta. Hayo ndiyo yote yaliyotokea, na Lamiley aliyabeba siku nzima kama mtu aliyebeba yai.

Wiki hiyohiyo Ataa Ashitey alikuja. Alikuwa mzee mnene mwenye nyonga mbovu, mshindani wa baba yake Lamiley hapo zamani na wa Lamiley mwenyewe sasa. Alikaribishwa maji, akanywa, akaizungusha bilauri mkononi kiasi cha kuonyesha kwamba hakuja kwa ajili ya maji. Kisha akalieleza jambo lake. Huko Koforidua, ambako si kwa Waga na hakuna wa kumzuia mtu asipige ngoma, palikuwa na msiba mkubwa wa bwana mmoja mwenye mashamba ya kakao. Watu wangekuja kutoka kila upande, na mwenye kusikika pale angesikika mwaka mzima. Mashine anazo, zimelala. Nyonga ndiyo haimruhusu kusimama siku tatu mbele ya mikisa.

"Mimi nina vyuma, wewe una masikio," alisema. "Tugawane. Baba yako angecheka kutuona."

Lamiley alikubali kabla hajamaliza. Damu ilimchangamka mwilini. Alihisi vidole vyake vikitafuta vifundo hewani. Jioni alimwambia Borketey, na Borketey akamuuliza swali moja tu, kama amepumzika vya kutosha. Akajibu amepumzika kuliko maiti. Mumewe akasema basi, akaenda kumtafutia mkoba. Okailey naye alimtuliza kwa nia njema kabisa.

"Wewe nenda, usiwe na wasiwasi na Kwei. Huyu hasumbui. Hajawahi kulia ukiondoka, hata siku moja."

Ijumaa asubuhi pikapu ya Ataa Ashitey ilisimama mlangoni, spika zimefungwa kamba, mikeka yake imekunjwa juu yake. Lamiley alitoka na mkoba. Kwei alikuwa ameketi mavumbini, akisukuma gari la kopo la dagaa lenye magurudumu ya vifuniko vya soda. Aliinua kichwa, akauona mkoba, akaliona gari, akaelewa. Uso wake haukubadilika. Aliinua mkono, akaupunga vizuri, kama alivyofundishwa kuwapungia wageni.

"Kwaheri, Lamiley," alisema. "Uniletee mkate wa Nsawam."

Maneno hayo ndiyo ambayo kila mtu pale uani humwambia kila anayesafiri njia ile ya Nsawam, mji wa wauza mkate. Dereva huambiwa, jirani huambiwa, hata mhubiri. Mtoto aliyasema bila kosa, akalirudia gari lake.

Lamiley alipanda, akakaa kati ya Ataa Ashitey na dirisha. Gari likaondoka. Walipita kanisa lililokuwa likifanya ibada ya makofi madogo, wakapita msikiti, wakapita nyumba ya Tawiah, mkodishaji mwenzao, aliyekuwa juu ya ngazi na brashi mkononi. Ataa Ashitey alikuwa akieleza jinsi bwana yule wa kakao alivyokuwa na wake wanne na jinsi wake hao wangegombea maikrofoni. Lamiley alisema ndiyo pale palipohitaji ndiyo. Katika kichwa chake mtoto alikuwa bado anapunga mkono. Alikuwa ameshawahi kuwaona watoto wakilia mama zao wakienda sokoni, wakijigaragaza, wakiwatukana, na siku zote aliwaonea huruma akina mama wale. Ilimjia sasa, bila kishindo, kwamba wale akina mama walikuwa na kitu.

Kwenye makutano ya barabara kuu alimgusa dereva bega.

"Simama hapa, kaka."

"Umejisikia vibaya?" Ataa Ashitey aliuliza.

"Siendi, Ataa."

Mzee alimtazama kwanza kwa huruma, akidhani ni tumbo, kisha akaona si tumbo. Alimkumbusha kwamba watu wanawasubiri. Alimkumbusha nyonga yake. Alisema hivi ndivyo wanawake walivyo, na Lamiley akatazama nje ili neno hilo lipite. Alisema baba yake hangefanya hivi, na hapo Lamiley alijibu kwamba ni kweli, baba yake hangefanya hivi. Yeye alimjua baba yake kwa mgongo, akiondoka, kuliko kwa uso.

"Mchukue Tawiah," alisema. "Masikio yake ni mazuri. Anaogopa tu sauti za juu, zile nyembamba, mwambie asiziogope."

"Tawiah anapaka rangi."

"Anapaka mara ya pili, Ataa. Ukuta ule ulishakauka tangu juzi. Mkomboe."

Ataa Ashitey alitaka kuendelea kukasirika, ikamshinda kidogo. Alijifuta jasho. "Lamiley, nakwambia kama mwanangu. Ukishuka hapa, watu wa Koforidua hawatakujua. Watamjua Tawiah."

"Najua."

"Na mji ukifunguliwa? Utakuwa umekaa tena?"

Lamiley alifikiri, kwa sababu swali lilikuwa la haki. Alimwambia kwamba mji ukifunguliwa atazifuata spika zake Abloshie na atafanya kazi, maana kazi anaipenda na haoni aibu kuipenda. Ila Teshie ikifungwa, naye atakuwa amefungwa, awe na mashine asiwe nazo. Na Jumapili za shukrani atamwachia anayezitaka. Hilo la mwisho lilimtoka tu. Hakuwa amelipanga, na alipolisikia aliogopa, kisha akaliacha lilivyo.

"Jumapili," Ataa Ashitey alirudia, polepole, kama mtu aliyepewa samaki mkubwa bila kuvua. "Zote?"

"Zote. Sasa geuzeni gari mkamchukue mtu wenu, jua linapanda."

Alishuka. Kwa hatua za mwanzo alitembea kama aliyeshuka mtumbwini. Pikapu iligeuka, ikampita ikirudi kwa Tawiah, na mzee alimpungia kwa mkono mmoja huku wa pili ukiwa umeshika nyonga. Lamiley alitembea na mkoba wake kando ya barabara. Hofu aliyokuwa nayo ilikuwa ya kawaida, ya wateja na ya kesho, na haikupungua njiani. Alitembea nayo.

Okailey alikuwa nyuma ya nyumba akimwaga maji ya mahindi. Uani alikuwepo Kwei peke yake, palepale, na kopo lake. Alimwona Lamiley akiingia, akalitazama lango kutafuta gari, akarudisha macho kwa mama yake. Alijua sababu moja tu ya Lamiley kurudi kabla ya wakati.

"Umesahau waya?"

"Sijasahau kitu," Lamiley alisema.

Aliweka mkoba ndani ya nyumba, akatoka, akakaa mavumbini, nguo yake safi ya safari chini kabisa. Mtoto alimtazama kwa mashaka ya haki. Alingoja honi ipigwe. Alilisukuma lile gari la kopo mbele, akalirudisha, akatazama lango tena. Okailey alitokea pembeni na ndoo tupu, akawaona, akarudi alikotoka.

Baada ya muda mrefu Kwei alichoka kungoja. Alisogea kidogo, akaanza kusimulia. Mjusi alikuwa ameamka mapema siku ile. Alitaka kwenda sokoni, ila mlangoni alimkuta yule kuku mwekundu, na hapo mtoto akanyamaza, akamtazama mama yake usoni, akingoja amwambie mjusi afanye nini.